Umetoka Windows ukaingia Linux na sasa vitu vimegoma? Anza na dalili

Jirani yangu huku Umoja, Nairobi, ni mama mwenye duka la kushona uniform za shule, na mashine yake ni EliteBook 840 G3, zile ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kwanza, zinazouzwa pale Moi Avenue na Luthuli. Oktoba 2025 ikaanza kumletea ujumbe unajaza skrini nzima kwamba Windows 10 imefika mwisho, akajaribu kwenda Windows 11 ikamwambia mashine yake haifai, akaipeleka kwa fundi mmoja mjini, fundi akamwambia hii ni ya kutupa mama nunua ingine. Akanipigia jioni sauti imeshuka. "Mwanangu, hii lapi nimemaliza kuilipia juzi tu, kweli imekufa?"

Haikuwa imekufa. Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Microsoft wakafunga msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake mashine inaendelea kuwaka kama kawaida ila haipati tena viraka vya usalama, isipokuwa ukijiandikisha ule mpango wao wa nyongeza wa mwaka mmoja hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ukaguzi wa usalama mashine ikiwaka), na kama ni Intel basi prosesa iwe kizazi cha nane kwenda juu. Angalia namba ya prosesa yako, kama ni i5-6300U hio 6 ya kwanza ndio kizazi, kama ni i5-8250U hicho ni cha nane uko sawa. Sasa hizi ex-UK za bei ya kawaida nyingi ni kizazi cha nne, tano, sita, ziko na RAM GB 8 na SSD, ni mashine nzima kabisa, na ndio maana watu wengi sai wanawekewa Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, hasa aina zake mbili, Linux Mint ama Ubuntu.

Halafu simu zinaanza. Wi-Fi imepotea, CV imeharibika, paswodi haiandikiki. Nimesaidia watu wengi mtaani kuhama na kitu kinaniuma ni kwamba mtu anakaa wiki moja anarudi kwa Windows ya kukraki, na sio ati Linux ilimshinda, ni dalili moja ndogo ilikosa mtu wa kumweleza. Hio ya kukraki inakuja na programu ya kuiaktivisha ambayo hujui aliyeitengeneza aliweka nini ndani, na ni hio hio mashine unaingilia benki. Kwa hivyo nimeandika hapa dalili zile nimeziona mara nyingi, kila moja na chanzo chake. Usibadilishe vitu vitano kwa mpigo, badilisha kimoja, angalia, ndio uende kwa kingine, la sivyo ikipona hutajua nini kiliponya na ikiharibika zaidi hutajua urudi wapi.

Kabla hujafuta chochote

Hii sio dalili lakini naiweka mbele kwa sababu ndio peke yake haina dawa ukishaikosea. Kopi faili zako kwa hard disk ya nje, halafu zifungue kwa mashine nyingine uone zinafunguka kweli. Watu wanakopi folda ya Documents wanasahau Desktop na Downloads, na kila mtu najua huweka vitu vya maana Desktop.

Kuna mtego wa OneDrive pia. Ukiona kando ya faili kuna alama ndogo ya wingu, hio faili haiko kwa mashine yako, iko kwa seva, unachoona ni jina lake tu. Ingia onedrive.com na akaunti yako uhakikishe ziko huko, na uhakikishe unakumbuka paswodi ya hio akaunti. Paswodi za Chrome nazo, kama hukuwa umeingia na akaunti ya Google na kuwasha usawazishaji, zinaenda na Windows, kwa hivyo zitoe kwanza uweke mahali salama. Na kama diski imefungwa na BitLocker tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48, huwa umehifadhiwa kwa akaunti ya Microsoft, uandike kwa karatasi. Ukigusa Secure Boot ama ukiweka mfumo wa pili kando ya Windows, itakuuliza huo ufunguo, na bila huo hakuna fundi wa River Road wala wa mahali popote atakufungulia.

Flashi imekataa kuwaka

Nikiulizwa hii huwa nauliza swali moja, uliweka vipi hio faili ya ISO, ile ya Linux uliyodaunlodi, kwa flashi? Kama ulikopi ukapesti kama wimbo, hapo ndipo shida iko. ISO inaandikwa na programu kama Rufus ama balenaEtcher, inatengeneza flashi iwe ya kubuti, yaani mashine iweze kuwaka nayo. Mint ni karibu GB 3 kwa hivyo tafuta Wi-Fi ya mtu usimalize bando yako, na flashi ya GB 8 inatosha. Ukimaliza Windows inaweza kukuambia flashi inahitaji kufomatiwa, kataa, iko sawa tu ni Windows haisomi ilichoandikwa.

Halafu washa mashine ukibonyeza kitufe cha menyu ya kubuti, HP ni F9, Lenovo na Dell ni F12. Unagonga gonga kuanzia ikiwaka, sio kubonyeza mara moja ungoje.

Ikiwaka, usikimbilie kuinstoli. Itakuonyesha deskitopu yote ikitumika moja kwa moja kutoka kwa flashi, bila kugusa diski. Kaa hapo nusu saa. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, chomeka printa. Chochote kitagoma hapo huenda kikagoma pia ukishainstoli, na hapo bado uko na Windows yako nzima unaweza kurudi.

Ukifika mahali pa kuinstoli na diski haionekani kabisa, ingia BIOS, zile settings za mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, uangalie diski imewekwa mtindo gani. Kama ni RAID ama Intel RST inatakiwa kuwa AHCI. Lakini kama unataka kubaki na Windows kando usibadilishe hivi hivi, Windows itakataa kuwaka hadi uiandae kwa Safe Mode kwanza.

Skrini inakuwa nyeusi baada ya nembo

Mara nyingi ni kadi ya picha ya NVIDIA. Kwenye menyu ya kwanza ya Mint chagua ile ya compatibility mode, Ubuntu ni safe graphics. Ikishaingia fungua programu inaitwa Driver Manager, Ubuntu inaitwa Additional Drivers, chagua draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya NVIDIA imependekezwa, ristati. Basi.

Wi-Fi haipo kabisa, hata alama haionekani

Hii ndio imerudisha watu wengi nyuma kuliko zote na naelewa, mtu amekaa nyumba moja ya Githurai saa nne usiku, hana kebo, dawa yenyewe iko kwa intaneti na intaneti ndio hana.

Chanzo kikubwa ni chipu za Broadcom. Ziko kwa MacBook Air za zamani na kwa HP na Dell kadhaa, na draiva yake haiwekwi ndani ya Linux tangu mwanzo kwa sababu ya leseni. Intel nazo kwa kawaida zinashika zenyewe, ndio maana EliteBook na ThinkPad nyingi hazina hii shida. Kujua ni gani fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike lspci halafu Enter, utaona orodha ya vitu vilivyo ndani ya mashine, tafuta mstari wenye neno Network.

Sasa intaneti unatoa wapi? Kwa simu yako. Chukua ile kebo ya kuchajia, hakikisha ni ya data sio ya chaji peke yake, chomeka simu kwa lapi, ingia settings za simu mahali pa hotspot, washa USB tethering. Hapo lapi inaona simu kama kebo ya intaneti, haihitaji draiva yoyote, na hata kama simu yenyewe imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumba itapitisha hio hio, huli bando. Fungua Driver Manager, ingoje isome, itakuonyesha Broadcom, chagua, kubali, weka paswodi, ristati. Nimefanyia dada mmoja hivi kwa simu yeye akiwa Rongai mimi nikiwa kwa matatu, dakika kumi na tano zikatosha.

Kuna chanzo kingine rahisi watu hupita. Mashine zingine ziko na kitufe ama swichi ya kuzima Wi-Fi, kwa ubavu ama kwa zile F za juu. Andika rfkill list kwenye terminali. Ikisema Hard blocked: yes basi ni hio swichi, hakuna draiva itasaidia hadi uiguse. Ikisema Soft blocked: yes andika rfkill unblock wifi.

Wale wa modemu za kuchomeka USB: modemu nyingi zikichomekwa zinajitambulisha kwanza kama CD, ili Windows ipate programu yake ya kuinstoli, ndio zinageuka kuwa modemu. Kama Linux inakuonyesha CD na hakuna intaneti, inayokosekana ni programu ya kuigeuza inaitwa usb-modeswitch, iweke kwa intaneti ya simu kisha uchomoe modemu uchomeke tena.

Nikibonyeza @ inatoka kitu kingine

Hii ni yetu sisi wa ex-UK. Kibodi za Uingereza ziko na alama ya @ karibu na Enter na alama ya kunukuu iko juu ya 2, na juu ya 3 kuna £. Kibodi za Marekani ni kinyume, @ iko juu ya 2. Wakati wa kuinstoli mtu anabonyeza endelea endelea anaacha ya Kimarekani, halafu vitufe vinaanza kudanganya. Kwenye orodha kuna hata Swahili (Kenya), na mtu akiiona anafurahi anaichagua, lakini imejengwa juu ya ile ya Kimarekani kwa hivyo kwa lapi ya Uingereza haisaidii. Chagua English (UK) kwenye settings za kibodi, futa hio ingine.

Lakini ngoja kwanza, kwa sababu hapa ndio kijana mmoja wa Pipeline anayefanya kazi za kuandika mtandaoni alinipigia.

"Boss, paswodi imekataa na najua ni hio."

"Uliweka na alama gani ndani?"

"Ile ya email."

"Na leo umebadilisha kibodi?"

"Eeh, asubuhi, si @ ilikuwa imekataa."

Basi ndio hio. Siku ya kuinstoli alibonyeza kitufe kimeandikwa @ lakini mfumo, ukidhani ni kibodi ya Kimarekani, ukaandika alama ya kunukuu, na kwa vile paswodi inafichwa hakuona. Paswodi yake ya kweli ni ile yenye alama ya kunukuu. Alipoweka UK, kitufe kikaanza kuandika @ ya kweli na mlango ukafunga. Nikamwambia andika paswodi yako lakini mahali pa @ bonyeza Shift na 2. Ikafunguka. Halafu fungua terminali, andika passwd, uweke mpya. Kama unajua paswodi yako iko na @, # ama alama ya kunukuu, panga kibodi kabla ya kuitunga.

Na ukiwa kwenye terminali ikuulize paswodi, uandike usione chochote, hata nyota, usidhani imekwama, hio ni kawaida yake. Andika hadi mwisho ubonyeze Enter.

Saa ya Windows imerudi nyuma masaa matatu

Umeweka Windows na Linux kwa mashine moja. Unatumia Linux jioni, asubuhi unafungua Windows saa nne, inakuambia ni saa moja. Unarekebisha, ukirudi Linux nayo inaruka mbele.

Kuna saa ndogo ndani ya mashine inaendelea kutembea hata ikizimwa. Linux inaiwekea saa ya dunia, UTC, halafu yenyewe inaongeza masaa matatu kwa sababu tuko Nairobi. Windows inaichukulia kwamba ni saa ya hapa tayari. Kila mmoja anasahihisha mwenzake. Dawa ni moja, kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, ristati, rekebisha saa ya Windows mara ya mwisho. Linux itakuonya kwamba hio si njia inayoipenda, lakini kwa mtu wa mifumo miwili ndio rahisi.

Kama saa haijarudi masaa matatu bali imerudi miaka, na kila tovuti inakuambia muunganisho si salama, hapo ni betri ya ubao mama imekufa. Nyingi ni CR2032, ile ya mviringo kama sarafu, inauzwa hadi kwa maduka ya saa. Hio haihusiani na Linux kabisa, ilikuwa imechoka tu.

Naona folda zangu za Windows lakini siwezi kuhifadhi ndani

Windows ukiizima huwa haijazima kabisa, inalala nusu ili iwake haraka kesho, inaitwa Fast Startup. Linux ikikuta diski iko hivyo inaifungua kwa kusoma tu, na inafanya vizuri, ikiandika hapo inaweza kukuharibia faili. Ingia Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, zima mashine kabisa, rudi Linux.

Kinyume chake, ukiwa Windows itaona sehemu ya Linux haiielewi na inaweza kukuuliza uifomati. Kataa. Kataa kila mara. Kuna mtu alikubali kwa haraka na ndani kulikuwa na picha za ruracio, sherehe ya mahari, ya dada yake.

CV ilikuwa kurasa mbili sasa ni tatu

Mtu anafungua CV kwa LibreOffice anakuta mistari imesukumana, meza imekatika, jina limeshuka, anasema LibreOffice ni takataka. Mara nyingi shida si LibreOffice, ni fonti. Calibri na Cambria ni za Microsoft, haziko kwa Linux, kwa hivyo programu inachukua fonti ingine yenye herufi pana ama nyembamba kidogo, na hicho kidogo kikirudiwa mistari themanini kinakuwa ukurasa mzima.

Kuna fonti mbili za bure zilizotengenezwa ziwe na upana ule ule wa herufi, Carlito inachukua nafasi ya Calibri na Caladea inachukua ya Cambria. Andika:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Na za zamani kama Arial na Times New Roman zenyewe ziko kwa pakiti inaitwa ttf-mscorefonts-installer, itakuuliza ukubali leseni, tumia kitufe cha Tab kufika kwa OK maana mausi haifanyi hapo, watu hukwama. Funga LibreOffice, fungua tena, CV itajikusanya. Yule kijana wa Pipeline alikuwa na CV kurasa tatu na nusu, baada ya hizo fonti ikawa mbili.

Ikibaki imepinda kidogo, basi ukituma kwa mwajiri tuma PDF, daima. PDF inafunguka vile vile kwa kila mashine. Na kama kazi yako ni kurushiana docx na ofisi kila siku, wengine wanaandika maoni pembeni na kufuatilia mabadiliko, tumia Word ya kwenye browser, ya bure, ukiingia na akaunti ya Microsoft. Hakuna aibu hapo.

Nimedaunlodi programu, nikibonyeza haifunguki

Angalia mwisho wa jina. Kama ni .exe ama .msi hio ni ya Windows. Usitafute programu kwa Google kama ulivyozoea, fungua Software Manager iliyo kwa menyu utafute humo. VLC, GIMP, Telegram ziko, Chrome na Zoom zina faili zao za .deb kwenye tovuti zao, WhatsApp unatumia ya kwenye browser.

Kuna Wine inayoendesha baadhi ya programu za Windows, na kwa zile ndogo inafanya kazi. Lakini nitakuwa mkweli hapa kwa sababu wanaosifu Linux huruka hii sehemu. Kama chakula chako kinatoka kwa QuickBooks ya kwenye diski, ama Photoshop, ama AutoCAD, usihame. Utapoteza wiki mbili ukipigana na Wine na mteja anangoja. Bakisha Windows kwa hio mashine, ama weka yote mawili, ama tafuta polepole mashine ya kizazi cha nane. Mfumo ni wa kukufanyia kazi, sio wewe kuufanyia.

Hivyo hivyo kwa fomu za Excel zenye makro, zile za kodi unazojaza ukabonyeza Validate ikakutengenezea zip ya kupakia kwa iTax. Makro zikikataa kwa LibreOffice usikeshe nazo, na Excel ya kwenye browser haiendeshi hizo makro. Nenda na flashi kwa mashine yenye Excel kamili, hata ya saiba, ujaze hapo, na ufanye hio kitu kabla ya wiki ya mwisho ya Juni maana tarehe 30 kila mtu yuko kwa foleni.

Na waliohamia Mac

Kwa ufupi tu. Kopi na pesti ni Command badala ya Ctrl. Ukifunga dirisha kwa kale kaduara kekundu programu bado iko wazi, izime na Command na Q. Na hard disk yako ya kutoka Windows ikisomeka lakini haikubali kuwekewa kitu, ni kwa sababu iko NTFS, Mac inasoma tu. Hamisha vilivyo ndani kwanza, ndio uifomati iwe exFAT, hapo Windows, Mac na Linux zote zitaandika.

Printa

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndio iligomea yule mama.

Hapa jua aina kabla hujajua dawa. HP nyingi zinashika zenyewe kwa programu iitwayo HPLIP, imo ndani tayari, ila LaserJet ndogo kama P1102 zinataka nyongeza, unaandika hp-plugin kwenye terminali ukiwa na intaneti. Epson za matangi ya wino zinatumia pakiti ya printer-driver-escpr. Zile Kyocera kubwa za saiba zinataka faili ya PPD kutoka kwa tovuti ya watengenezaji. Canon ndogo za zamani kama LBP2900 zinazungumza lugha yao inaitwa CAPT na hizo zinasumbua kweli, kama unayo, ijaribu ukiwa bado kwa flashi kabla hujainstoli. Printa mpya za Wi-Fi nyingi hazihitaji draiva yoyote.

Ikitoa kurasa na kurasa za alama za ajabu, draiva sio yake, iondoe uiongeze upya. Kazi zikipangana kwenye foleni hazitoki, fungua browser uandike localhost:631, ingia Printers, uangalie kama imeandikwa Paused, ufungue.

Ya mama ilikuwa P1102. Tukaweka nyongeza, ikaonekana, tukatuma invoisi ya shule, taa ikaanza kuwaka na kuzima na hakuna karatasi. Tukachomoa, tukarudisha, vile vile. Akaketi kwa stuli kando ya cherehani akasema, "Si fundi aliniambia tu."

Nikafungua settings za printa nikaangalia saizi ya karatasi. Ilikuwa Letter. Mfumo uliwekwa Kiingereza cha Marekani, na Marekani wanatumia karatasi ya Letter ambayo ni pana kidogo na fupi kuliko A4, kwa hivyo printa ilikuwa inangoja iwekewe karatasi ambayo mama hata hajawahi kununua. Ukibonyeza kile kitufe chake inatoa hivyo hivyo, lakini kesho inagoma tena. Nikaweka A4 kwa printa, nikaweka A4 pia kwa LibreOffice mahali pa Page Style maana ziko sehemu mbili na ukirekebisha moja tu taa inarudi. Tukatuma tena.

Ikavuta karatasi. Sweta 40, kaptula 25, jumla chini. Mama akaitoa ikiwa bado na joto akaisoma yote kwa sauti, akaniambia nimtolee ingine mbili, moja ya shule na moja ya faili lake.